Mzee wa Pampu na Oili ya Lori

Kila asubuhi, baada ya jenereta kuwashwa na kabla hajasalimiana na mtu, mzee alipiga goti mbele ya pampu, akaweka ncha moja ya fimbo fupi juu ya chuma na ncha ya pili kwenye sikio lake la kushoto, akafumba macho. Sisi wengine tulisimama mlangoni. Hata Bwana Daktari, Mzungu aliyekuwa mkuu wa maabara na ambaye hakupenda kungojeshwa, alisimama. Mzee alipomaliza alijiinua kwa kushika ukuta, na hapo ndipo ulipoweza kumwambia shikamoo.

"Marahaba. Ameamka vizuri leo."

Aliyeamka vizuri alikuwa pampu.

Maabara yetu ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya majabali, ukitoka mjini Singida kwenda ziwani. Tulitengeneza chanjo ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ambao ukiingia zizini Jumatatu, Jumatatu ya pili unahesabu ngozi. Tulichukua wengu la mbuzi aliyepewa ugonjwa uliopunguzwa nguvu, tukalisaga, tukaligandisha kwa barafu na chumvi, kisha tukalitia katika chombo cha kioo na kuvuta hewa yote iliyomo, mpaka maji yakaondoka na kubaki unga mkavu. Unga ukikauka barabara, chanjo huishi miezi. Ukibaki na unyevu, hufa. Na chanjo iliyokufa, ukiitazama kwa macho ndani ya kichupa chake, haina tofauti kubwa na iliyo hai. Hilo lilinitia hofu tangu wiki ya kwanza, na mpaka leo sijaizoea.

Mimi nilikuwa kijana wa Misigiri niliyetoka chuoni Kampala, Mwafrika wa kwanza pale kuruhusiwa kutia sahihi kwenye lebo za dawa. Niliogopa kuvunja vioo. Niliogopa Bwana Daktari akiniita, na asiponiita nusu siku niliogopa zaidi, nikijiuliza ananiandikia nini. Niliogopa jinsi wafanyakazi walivyonyamaza nilipoingia. Mzee sikumwogopa mwanzoni, kwa sababu nilidhani yeye ni mtu wa kupaka grisi.

Yeye pia alisemwa kuwa mwoga. Dereva wa jenereta, mtu mnene mwenye kelele, alipenda kumchokoza mbele ya watu.

"Mzee, hiyo pampu umeitolea mahari?"

"Nimetoa. Na haijarudi kwao hata siku moja. Wako je?"

Watu walicheka, na dereva, ambaye mkewe alikuwa kwa wazazi wake tangu mavuno, alirudi kwenye jenereta yake.

Lakini ni kweli kwamba mzee aliiogopa pampu. Hakuipa mgongo ikiwa inazunguka. Hakuruhusu mtu mwenye mikono yenye maji akaribie. Madirisha ya chumba kile aliyaziba kwa vitambaa, maana ziwa likipungua upepo huleta vumbi lenye chumvi, na chumvi hula chuma. Wakati uleule, kila Jumamosi alipanda baiskeli yake kwenda kwake Mgori, akipita peke yake kando ya msitu ambako wenzake hawakupita bila kundi, hana kitu mkononi ila panga. Nilimwuliza kama hamwogopi simba.

"Simba ana njaa au hana," alisema. "Jambo moja tu la kujua. Pampu ina mambo mengi."

Hilo lilinisumbua siku nyingi. Nilifikiri labda ananicheka. Kisha nikafikiri labda ana hekima nisiyoiona, nikajaribu kuandika orodha ya mambo ya pampu, nikafika thelathini, nikaogopa kuendelea.

Kosa langu la kwanza nililifanya mbele yake. Nilikuwa nimeachiwa kufunga kazi ya jioni, nikazima pampu kama mtu anavyozima taa. Sikufungua kwanza koki ndogo ya kuingiza hewa. Chuoni tulifundishwa jambo hilo, hata mtihani ulituuliza, nami nililijibu sawasawa. Mafuta ya pampu yakaanza kupanda ndani ya bomba la kioo, polepole, kama kitu kinachojua kinakokwenda. Ndani ya chombo kulikuwa na hewa kidogo mno, na mafuta yalikuwa yanakwenda kujaza nafasi ile. Nilisimama nikiyatazama.

Mzee alitoka kwenye kona yake, akafungua koki, hewa ikapiga mluzi, mafuta yakateremka. Hakunigombeza. Aliketi sakafuni, akafuta uso kwa fulana yake.

"Ulikuwa unayaona yanapanda?"

"Nilikuwa nayaona."

"Basi ulikuwa unangoja nini?"

Tuliosha mabomba yale kwa petroli siku mbili, yeye na mimi, na hakulirudia jambo lile tena.

Hakujua kusoma, lakini alikuwa na daftari. Kila saa ambayo pampu ilizunguka aliandika mstari mmoja. Duara lilikuwa kubadilisha mafuta. Msalaba mdogo ulikuwa kubadilisha ule unga mweupe tuliouweka kati ya chombo na pampu, unga mkali unaokunywa mvuke usifike kwenye mafuta, ambao ulikuwa umemchoma kidole na kumwachia kovu. Mchoro wa nyoka ulikuwa mkanda mpya. Angeweza kukuambia, kwa kupitisha kidole juu ya karatasi, kwamba mkanda wa tatu ulikatika siku ya mvua ya mawe.

Mafuta aliyapima kwa macho. Alidondosha tone juu ya kipande cha kioo, akakielekeza dirishani. Likiwa safi kama asali nyepesi, alitikisa kichwa kukubali. Likiwa na weupe ndani yake kama maji yaliyooshewa chombo cha maziwa, alisema, "Amekunywa maji," na kazi yote ikasimama mpaka mafuta yamwagwe. Weupe ukiwa kidogo, aliiacha pampu izunguke saa nzima peke yake, bila kufungwa kwenye chombo, ipate joto na kutoa mvuke wake. Bwana Daktari aliona hiyo ni kupoteza mafuta ya jenereta. Mzee alijibu, "Ndiyo, Bwana," na akaendelea.

Bwana Daktari alimwita "boi wa pampu", naye aliitika. Siku moja dereva alijaribu kumwita hivyo hivyo. Mzee aliendelea kukaza nati kana kwamba mlangoni hakuna mtu. Dereva aliita mara nne. Mwisho akasema, "Mzee wangu, samahani, naomba spana," na mzee akageuka akamwuliza habari za watoto.

Mimi aliniita "Bwana Msaidizi" mbele ya watu. Tukiwa wawili aliniita "mwanangu", au akikasirika, "ninyi Wanyiramba", maana yeye alikuwa Mnyaturu.

Pampu ile ilikuwa imechoka, na Bwana Daktari akanipa katalogi tatu nichague nyingine. Alinipa wiki moja. Niliandika kurasa kumi na moja za kulinganisha hii na ile, na siku ya tano nilikuwa najua kila kitu isipokuwa nichague ipi. Mzee akanikuta nimeshika kichwa.

"Nionyeshe picha."

Nikamwonyesha ya kwanza. "Hii haina mota. Inavuta hewa kwa nguvu ya maji ya bomba."

"Bomba lipi?"

"Bomba la maji, mzee."

"Juzi tumeoshea vyombo maji ya ndoo ya jana yake. Hiyo funga."

Nikafungua ya pili. Hiyo ndiyo niliyoitamani. "Hii ya kisasa. Mota na pampu ni kitu kimoja, inazunguka upesi sana, na inavuta kuliko zote."

"Mota ikiungua?"

"Inarudishwa kiwandani."

"Kiwanda kiko wapi?"

"Uingereza."

Alinitazama. "Na sotoka itangoja meli?"

Ya tatu ilikuwa nzito, ya umbo la kizamani, inazungushwa polepole kwa mkanda. Niliipitisha haraka kwa aibu. Akarudisha ukurasa kwa kidole chake chenye kovu. Aliuliza gurudumu lake lina ukubwa gani, nikamsomea kipimo, akakata kamba ya urefu huo. Aliuliza ina bolti ngapi, na kama spana zetu zinaingia. Adhuhuri alitoka, na aliporudi alikuwa amevaa shingoni mkanda wa mashine ya kusaga kutoka duka la Mhindi.

"Huu unaingia," alisema. "Ya upesi inapata joto, mafuta yanakuwa mepesi, hewa inapita. Huyu mzito anakwenda mwendo wa punda, lakini nikiwa Mgori na wewe uko peke yako, utaweza kumfungua. Ile nyingine ikifa, utaandika barua."

Niliandika maombi ya ile nzito na kutia sababu zake zote, kwa maneno yangu, kwa sahihi yangu. Bwana Daktari aliyasoma akasema amefurahi kuona nafikiri vizuri. Nilisema asante. Mzee alikuwa mlangoni ameshika ndoo. Nilijiambia kwamba nitasema baadaye ni nani aliyefikiri, kisha baadaye ikapita.

Sasa niseme juu ya oili.

Zilikuwa siku za mvua nyingi. Bwana Daktari alikuwa safarini. Tulikuwa tumechinja mbuzi sita, wengu limesagwa na kugandishwa, barafu yenyewe inaanza kulainika, na siku sita mbele jumbe wa Mgori alikuwa ametangaza watu wakusanye ng'ombe. Mzee akadondosha tone lake juu ya kioo. Lilikuwa jeupe kabisa.

"Amekunywa maji."

"Badilisha."

"Kopo limekwisha. Jipya liko kwenye lori, na lori liko kwenye tope upande huu wa Itigi."

"Litatoka lini?"

"Muulize tope."

"Tufanyeje, mzee?"

"Tupa hii. Mafuta yakija tutachinja wengine. Mgori wangoje."

"Mbuzi sita! Nitamwambia nini Bwana Daktari?"

"Mwambie mvua imenyesha."

Kwake ilikuwa rahisi hivyo. Mimi niliona Bwana Daktari akikunja midomo, niliona barua ikiandikwa kwamba Mwafrika aliyesoma ameachiwa maabara wiki mbili akatupa kila kitu, niliona baba yangu akisomewa habari hiyo mbele ya kanisa la Misigiri, ingawa hakuna aliyewahi kusoma habari kama hizo kanisani. Nilikwenda kwa dereva wa jenereta nikachukua kopo la oili ya lori.

Mzee alilinusa. "Hii ni ya lori."

"Mafuta ni mafuta. Nimetazama vitabuni."

"Kitabu kimesema oili ya lori?"

"Hakikusema hapana."

Alinirudishia kopo. "Mimi siimwagi humu. Mwaga wewe."

Nikamwaga. Alisogea mpaka ukutani, akasimama na mikono nyuma. Pampu ilizunguka bila kelele, na kwa dakika chache nilifurahi. Kisha zebaki ya kupimia hewa iliyobaki ikashuka, ikasimama upana wa kidole juu ya alama ya kila siku, na haikushuka tena. Niliandika sababu zinazoweza kuifanya isimame pale: hali ya hewa, uchafu wa bomba, pembe ya jicho langu. Nilipata sababu saba, na kila moja ilikuwa na akili. Sababu ya nane sikuiandika.

Unga uliotoka ulishikana kama sukari iliyowekwa wazi wakati wa mvua. Tuliuziba kwenye vichupa. Nilitia sahihi lebo zote. Katika daftari lake mzee alichora alama ambayo sikuwahi kuiona, duara lenye mstari uliolikata.

"Hiyo ni nini?"

"Siku ambayo mafuta hayakuwa mafuta."

"Bwana Daktari akiuliza?"

"Haniulizi. Hasomi yangu."

Aliniangalia muda mrefu, kama anayengoja kitu. Nikaenda kunawa mikono.

Sharti nieleze desturi ya Mgori. Chanjo yetu ilipokuwa hai iliwapa ng'ombe homa siku chache, na maziwa yakapungua, kwa hiyo watu waliikimbia. Mzee ndiye aliyewavuta. Kila mwaka tulipokwenda, ng'ombe wake walipita kwanza kwenye kichochoro cha miti tulichojenga, na wenziwe waliona, wakaleta wao. Safari ile niliomba moyoni asije. Nilijua kwamba asipowaleta ng'ombe wake nitapata njia ya kuahirisha.

Aliwaleta wote kumi na wanne. Aliwapitisha mmoja mmoja mbele yangu, na kila mmoja alimtaja jina lake kwa Kinyaturu, akinitazama mimi, mkono wake juu ya nundu. Nilichoma kumi na wanne. Kisha nilichoma wa kijiji kizima, nikampa jumbe cheti chenye sahihi yangu.

Wiki mbili baadaye jumbe alituma salamu za shukrani. Alisema dawa ya safari hii ni nzuri kuliko zote, haikuleta homa hata kwa ndama mmoja, maziwa hayakupungua hata kibuyu. Bwana Daktari alikuwa amerudi, akanisomea salamu hizo akitabasamu, maana aliamini homa imepungua kwa sababu tumezidi kuwa mafundi. Chanjo isiyoleta homa hata kwa ndama mmoja ni maji tu.

Mwisho wa mwezi mzee alikwenda Mgori na Jumatatu hakurudi. Tulingoja. Bwana Daktari alisema, "Boi wa pampu amechoka," na akaweka mtu mwingine. Pampu mpya, ile nzito, ilikuja bila yeye kuiona. Nilijifunza kuifungua. Kila bolti ilinikumbusha, na kila siku nilijiambia kwamba sotoka haipo karibu, kwamba labda haitakuja, kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa ugonjwa ambao haujafika.

Kiangazi habari zikafika kwamba sotoka imeonekana ng'ambo ya msitu wa Mgori, na nyati wanakufa. Tulitengeneza chanjo usiku na mchana, kwa mafuta ya kweli, na zebaki ilishuka mpaka kwenye alama. Orodha ya vijiji ikaandikwa. Mgori haikuwamo. Mgori ilikwisha chanjwa.

Asubuhi ya kuondoka niliandika barua kueleza yote, nikaiacha mezani kwa Bwana Daktari kabla hajaingia. Sikuweza kuyasema mbele yake. Kisha nikapakia sanduku moja zaidi kwenye lori, nikamwambia dereva wa lori tuanze na Mgori. Njia nzima nilifikiria kurudi kuichukua ile barua.

Jumbe alinipokea vizuri, akanisikiliza, akaingia ndani na kutoka na cheti.

"Wetu wamechanjwa, Bwana. Sahihi hii si yako?"

"Ni yangu. Nataka kurudia."

"Kwa nini?"

"Ni amri mpya."

"Iko wapi? Nionyeshe." Alingoja. "Watu hawatakubali kuchanja mara ya pili kwa maneno matupu. Hata mimi sikubali."

Nikaenda kwa mzee.

Nilimkuta nje ya nyumba yake akikwangua mzinga wa gogo, aupeleke msituni kutega nyuki. Alikuwa amekonda, na mgongo umepinda zaidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pampu mpya imefika?"

"Imefika."

"Mkanda uliingia?"

"Uliingia."

Akaendelea kukwangua. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyesahau aliloitiwa. Mwisho nikasema, "Sotoka iko ng'ambo ya msitu."

"Nimesikia."

"Ng'ombe wako?"

"Wapo. Mpaka sasa."

"Ulijua ile dawa imekufa. Kwa nini uliwaleta?"

Aliweka kisu chini. "Nilidhani ukiwaona wangu, utasema."

"Ungesema wewe!" Sauti yangu ilipanda, nami nikaona aibu, maana sikuwahi kumpazia sauti.

"Ningesema," alijibu bila kukasirika. "Nilijiambia, nikisema leo hawa hawatachanja tena maisha yao. Kesho yake nikasema nitasema kesho. Halafu wakaanza kuisifu. Mtu anakusifia dawa mbele ya mkewe, utamwambia nini? Ningerudije pale kusikiliza chuma asubuhi, kana kwamba nina sikio la maana?" Akapangusa mikono. "Niliogopa, mwanangu. Usidhani ni wewe tu."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja, mimi ninayefikiria kila kitu. Miezi yote nilikuwa nimemweka mahali pa hakimu.

"Basi twende ukawaambie," nilisema. "Watakusikiliza wewe."

"Hapana. Nikisema mimi, watasema mzee amefukuzwa kazi anatia maneno. Sahihi ni ya nani? Ukisema wewe, labda watakupiga, lakini watakuamini."

"Watanipiga?"

"Labda. Twende kabla jua halijawa kali."

Jumbe aliita watu. Walikaa kando ya kichochoro kile cha miti, wanaume mbele, kina mama nyuma, dereva wangu akabaki ndani ya lori na injini haikuzimwa. Nilikuwa nimepanga maneno, na nilipofungua kinywa yote yalikimbia isipokuwa yale ya mwisho.

"Ile dawa niliyowachomea ng'ombe wenu ilikuwa imekufa. Pampu yetu ilihitaji mafuta yake, nikatia oili ya lori, dawa haikukauka. Ng'ombe wenu hawana kinga. Hawa wote, hakuna mwenye kinga."

Mama mmoja, mjane aliyekaa pembeni na ninayemkumbuka kwa sababu alikuwa na ng'ombe wawili tu, akasimama.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile niliyoitengeneza."

"Ulipokuwa unamchoma wangu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

Kelele zikaanza. Mtu mmoja alitema mate karibu na viatu vyangu. Jumbe alikikunja kile cheti mara nne, akakitia mfukoni mwangu kwa mkono wake mwenyewe, na kidole chake kilinigonga kifuani. Nilidhani sasa ndiyo napigwa. Hapo mzee akasimama, bila kuulizwa na mtu.

"Na mimi nilijua," alisema.

Alirudia kwa Kinyaturu. Kelele zilikoma ghafla. Mimi nilikuwa mtu wa serikali, na mtu wa serikali wanamjua. Huyu alikuwa mtu wao. Mzee mmoja wa rika lake alisema maneno machache kwa sauti ya chini, ambayo sikuyaelewa, na sikuthubutu kuuliza. Mzee wa pampu aliinamisha kichwa, akayapokea yote. Wanaume kadhaa wakaondoka, wakatembea bila kugeuka. Wengine walibaki wakibishana, na kila mara nilisikia jina la sotoka.

Yule mama hakubishana. Alikuwa ametoka zamani, na aliporudi alikuwa anaswaga ng'ombe wake wawili.

"Hii umeitia mafuta gani?" aliniuliza.

"Mafuta yake, mama. Na nimesimama hapo hapo mpaka mwisho."

"Wangu ni hawa tu," alisema, akamwingiza wa kwanza kwenye kichochoro.

Hakuna aliyekwenda kumsaidia. Mzee alisogea, akashika pembe. Niliyeyusha unga kwa maji safi, nikavuta dawa kwenye sindano, na ilipotoka kwenye kichupa niliona ncha inacheza hewani. Niliishika kwa mikono miwili. Ikaendelea kucheza.

"Mkono unatetemeka," mzee alisema.

"Naogopa."

"Ogopa tu. Lakini choma hapa." Akaikunja ngozi ya shingo kwa vidole vyake.

Nikachoma. Ng'ombe akaruka, akamkanyaga mzee mguuni, na mzee akatoa tusi refu la Kinyaturu ambalo hata mimi nilielewa. Mtu mmoja miongoni mwa wale walionuna akacheka kabla hajajizuia. Kisha akaniuliza, bado hajanitazama usoni, kama dawa iliyomo kwenye sanduku inatosha ng'ombe tisa.